Mashini Inatafuta Bado

Banamuke na banaume benye munabakia ku dirisha, muliniomba niandike vile kazi ilikuwa mbele yenu mufike. Naandika vile tunasema ku nyumba, juu nikianza na Kifaransa nitashinda naangalia makosa na sitakumbuka kitu. Muganga wa macho alisema kioo ya mashini, ile ya kompyuta, imenitosha. Sikubisha. Macho ilitoka ku biro, lakini woga haikutoka. Ata leo, mutoto yangu akinipa telefone yake, kioo ikikuwa nyeupe na kunyamaza, mukono yangu inaingia mufukoni kutafuta rozari. Anacheka.

"Mama, inafunguka tu."

Najua inafunguka. Mi naogopa ile fasi, ile nafasi ya katikati, kisha ya kubonyeza, mbele jibu ifike. Nilifanya kazi maisha yangu yote mu ile fasi. Mambo ya byeo na mushahara mutauliza bengine.

Nilijifunza mashini ku masomo ya mangaribi, mu chumba ya parokia, mutoto wa kwanza akiwa mu mugongo. Mashini ilikuwa moja, sisi benyi. Mwalimu akachora herufi ku karto, karatasi ngumu, tukapiga ku karto. Nilijua kuandika mbio mbele nijue kama mashini inatoa sauti. Siku ya kugusa ya kweli nilipiga kwa nguvu, na mwalimu akasema: "Mama Klemansi, ile haiko majani ya pondu unatwanga."

Kazi ya kwanza ilikuwa ku biro ya mine moja, machimbo ya shaba, upande wa Mashamba, hapa Kolwezi. Nilikuwa naandika uzito ya kamyo zenye zinapanda na mawe kutoka mu shimo. Kule nilikuta Tata Ngoie, mulinzi wa mashini zote. Alikuwa na burushi ya kufagilia vumbi nyekundu, na turnevisi, bisibisi ndogo yenye alifunga na kamba ku shingo, fasi mi nilikuwa naweka musalaba. Yee ni Muprotestanti. Alinichokoza tangu siku ya kwanza.

"Mwenzangu, mbona munasali na ushanga sawa mutu anachagua maharagi?"

"Na ninyi munasali na kelele sawa Mungu eko mbali kule Sandoa," nikamujibu.

Njo vile tulikuwa barafiki. Alinifundisha kazi yote. Vumbi unaitoa asubui, hapana mangaribi, juu mangaribi mashini ingali ya moto, vumbi inashikama. Courant, ile umeme, ikikatika, uchomoe waya ku ukuta, juu ikirudia inarudia na hasira. Programu ya wakati ile ilikuwa kioo nyeusi na herufi za kijani. Haikukuwa muzuri ya kuangalia. Lakini ukigusa inajibu palepale, sawa mutu mwenye adabu.

Kisha bei ya shaba ikaanguka. Wiki moja bakubwa balikuwa banasema "tungojee kidogo", wiki yenye kufuata, nyumba zabo zilibakia na mapazia tu. Balifunga mulango na karatasi, na sisi tulisimama mbele ya ile karatasi, kila mutu anaisoma polepole sawa maneno itageuka. Bwana yangu naye alikuwa wa mine. Nikaanza kukaranga mikate ya mafuta pembeni ya barabara. Tata Ngoie alitengeneza maradio chini ya mwavuli. Alikuwa anakula mikate yangu na kusema inatoka pole kuliko mashini.

Ni mu ile hali bantu bakaanza kufika. Balifukuzwa ku inchi ya ngambo ya mupaka. Balikuwa banafika na treni, kupitia Kasaji, ao juu ya kamyo, na godoro, na kinga, baiskeli, bila magurudumu, bengine na nguo ya mwili tu. Kule mupakani baliwapandisha sawa magunia: baba mu kamyo hii, mama mu ingine, mutoto fasi yenye kulikuwa nafasi. Kila asubui, ku gare ya Kolwezi, fasi treni inasimama, ungesikia majina inaitwa. Hakuna mutu anaitika.

Kanisa ikafungua biro pembeni ya gare, ya kutafutia batoto babazazi babo. Balitafuta mutu mwengine wa kuandika, nikaenda. Mashini ilikuwa ya zamani, ya mine yetu yenye ilifungwa. Niliitambua ku alama ya chayi juu yake. Ilipata fundi wake wa zamani pia, juu nilisema jina ya Tata Ngoie mbele bamalize kuuliza.

Lakini programu ilikuwa mupya, ilitoka mbali. Ilikuwa na madirisha na rangi. Mu fomu ndogo unaandika jina ya mutoto, jina ya mama, kijiji, kisha unabonyeza, programu inafunguka na kuangalia mu majina yote yenye ilikusanywa, toka Dilolo, ku mupaka, mpaka kwetu. Jibu yake ilikuwa ya kweli. Lakini mbele ifunguke, weh. Unabonyeza, kikombe ya kahawa inatokea ku kioo na moshi yake. Kikombe inapotea. Kioo inakuwa nyeupe. Na inabakia nyeupe. Nilianza kupima na rozari: ikifunguka muzuri, ni fungu moja ya Salamu Maria kumi. Wakati groupe, ile jenereta ya mafuta, inakohoa kule nyuma ya lupango, mu uwanja ya biro, naingia mu kumi ya pili.

Meza ilikaa upande, bantu ba ku dirisha balikuwa banaona kioo. Muzee mumoja akaniuliza:

"Mama, ile kahawa ni ya nani?"

"Ya mashini, tata."

"Basi mashini inakunywa pole sana. Uiambie iko na bageni."

Bakacheka bote mu mustari. Balikuwa bamefukuzwa, balilala chini ya mabati ya gare, na bakacheka. Mi sikucheka sana, nilikuwa mu Salamu Maria ya saba.

Tata Ngoie alinifasiria sababu. Kuko programu zenye zinasema luga ya mashini moja kwa moja, ile ya kijani ilikuwa ya vile. Hii iliandikwa na luga yenye inaitwa Java, ili itembee ku mashini ya kila namna. Kwa hiyo kuko musimamizi katikati. Ukibonyeza, yee njo anaamuka kwanza. Anavaa, anafungua masanduku, anapanga bitabu byake. Kisha anaanza kufasiria programu kwa mashini, neno kwa neno. Na mara kwa mara anasema "musimame bote", anafagia takataka yake, kisha kazi inaendelea.

"Unajua vile muhubiri mugeni anafika kwetu na Kifaransa yake?" akasema. "Mufasiri anasimama pembeni. Mahubiri ya kwanza anakwama, anajikuna, anauliza. Lakini kama muhubiri anarudilia maneno yale yale juma yote, siku ya mwisho mufasiri anayatupa mbele muhubiri afungue kinywa. Musimamizi naye ni vile. Neno yenye anaikuta kila mara anaishika mu kichwa, anaenda mbio. Lakini ukifunga programu, anasahau yote. Ukifungua tena, ni mufasiri mupya."

"Na sisi tunafunga kisha kila mutu," nikasema.

"Eh. Tunafukuza mufasiri kila mara anaanza kuzoea."

Ile ya kufunga ilikuwa agizo ya Shefu Mwepu, mukubwa wa biro. Hakukuwa mutu mubaya. Alikuwa anatafuta mafuta ya groupe kwa miguu, na aliona hivi: programu yenye iko wazi bure inakula courant. Kwetu kitu yenye haitumike inafungwa, robine ya maji, taa, mulango. Bote tulikomaa vile. Tata Ngoie alimuambia, Shefu akajibu: "Sawa, lakini mafuta ikiisha, mufasiri wako atasoma na mushumaa?" Tukaendelea kufunga.

Agizo ya pili ilikuwa ya kunyamaza. Mbele mi nifike, mwandishi mumoja alisema "amepatikana" mbele ya kusoma mpaka mwisho, kumbe ni mutoto mwengine mwenye jina ile ile. Mama wa watu akaanguka pale. Toka siku ile, Shefu alisema: hapana kusema kitu mpaka mashini imalize. Mi niliona ni agizo ya huruma. Na ilikuwa ya huruma.

Sasa nifike kwa Mama Veronika.

Alikuya asubui, kitenge moja ndani ya mukono, viatu hana. Alikuwa mu mustari toka mbele tufungue. Balikuwa bamemuambia kama kamyo ya Sandoa inaenda ile siku, na dada yake eko kule, na kamyo ingine haijulikane itaenda siku gani. Mutoto yake Mwadi balimutoa mu mukono yake ku mupaka. Alitaka kujua kitu moja tu: kama mutoto eko huku, anabakia. Kama haiko, anaenda kumutafuta upande wa Sandoa, juu bengine balisema kamyo ya batoto ilipita kule.

Nikaandika. Mwadi, miaka sita, mama Veronika, kijiji. Nikabonyeza.

Kikombe. Kisha nyeupe.

Mi nilikuwa naangalia kioo, yee alikuwa ananiangalia mi. Nilisikia macho yake ku shavu yangu. Nikaanza Salamu Maria mu moyo. Groupe ikakohoa, taa ikashuka, ikapanda. Mashini haikuzima, asante Mungu, lakini musimamizi alianza kufagia, niliisikia mu sauti ya ndani, ile sauti ya kukwaruza. Kioo nyeupe. Nikafunga macho kidogo. Nilikuwa naomba kwa nguvu sana, juu jina Mwadi ilikuwa inanisumbua, nilikuwa na wazo kama niliiandika siku moja kwa mukono yangu.

Nikafungua macho. Kioo ilikuwa imejaa maneno. Mwadi, miaka sita. Mama Veronika. Kijiji ile ile. Amepatikana. Eko kwa Mama Zaituni, muke wa mwenye kamyo moja, hapa hapa Kolwezi.

Nikasoma mpaka mwisho, vile Shefu alisema. Kisha nikageuka ku dirisha, na ku dirisha kulikuwa tata mwengine na kofia yake mu mikono.

"Mama mwenye alikuwa hapa eko wapi?"

"Ameenda," akasema. "Ulimukatalia."

"Nilimukatalia na nini? Sikusema kitu."

"Njo vile."

Nilisimama na kiti ikaanguka. Tata Ngoie alikuwa mulangoni na burushi yake. Sikumufasiria, nilisema "kamyo ya Sandoa" tu, akashika pikipiki ya Shefu bila kuomba. Nilikaa nyuma na rozari mu meno. Ile barabara niliipita miaka mingi, siku ile haikuisha. Ku parking ya makamyo, muuza ndizi akatuonyesha na kidole mawingu ya vumbi: kamyo imetoka. Tata Ngoie hakusimamisha. Mi nilikuwa naomba kitu moja, kizuizi. Mu nchi hii bantu banalaani kizuizi cha barabarani kila siku. Mi nilikiomba sawa sakramenti.

Na kizuizi kilikuwa. Kamyo ilisimama, kondakta anabishana na benye kushika kamba ya kizuizi. Juu ya magunia niliona kitenge ile.

"Mama Veronika, ushuke! Eko!"

Hakushuka. Aliniangalia sawa mutu mwenye anaonyeshwa chakula kisha banaificha.

"Mama, ulinyamaza," akasema.

"Mashini ilikuwa inatafuta bado."

"Ulifunga macho."

"Nilikuwa naomba."

Bantu ba juu ya magunia bote balikuwa banasikiliza.

"Kule tulitoka," akasema, "ukifika ku dirisha, mutu wa biro akinyamaza na kuangalia pembeni, ile njo jibu. Unatoa kitu, ao unaenda. Mi sikuwa na kitu. Nikaenda mbele bababe ba polisi bakuye."

Na kwetu ni vile vile. Ni nani hapa hajui ile kunyamaza? Tata Ngoie njo alijibu, na sauti yake ya kanisani.

"Mama, mashini ile haijue rushwa. Iko pole tu. Ushuke, tafadhali, pikipiki hii ni ya wizi."

Mutu mumoja juu ya magunia akasema, "Ushuke, mama, utuachie nafasi," na bakamushusha na mikono, na kamyo ikaenda.

Kwa Mama Zaituni tulifika batatu juu ya pikipiki. Alikuwa mama wa Kiislamu, munene, wa kucheka. Bwana yake alikuta mutoto pembeni ya barabara, akamuleta nyumbani kwa batoto bake. Mwadi alikuwa mu lupango anaosha kikombe. Akasimama. Mama yake akasimama.

Mutoto hakukimbia.

Alibakia vile na kikombe yake, maji inatoka. Mama Veronika alikuwa amekonda, na nywele balimukata mu njia juu ya ugonjwa. Mutoto alikuwa anaangalia ile uso, kisha miguu, kisha uso tena. Macho yake haikusema kitu. Nilifikiri: na kama ni mutoto mwengine mwenye jina ile ile? Na kama nilimushusha juu ya kamyo bure, na kamyo ingine haiko? Nikatafuta rozari, ilikuwa imekatika ku barabara.

"Mwadi," Mama Zaituni akasema na upole, "huyu ni nani? Usemeshe mama."

Mama Veronika akanyanyua mukono.

"Mumuache," akasema. "Anatafuta bado."

Na akangoja. Alichuchumaa chini pale, ili uso yake iwe karibu, na akangoja bila kuita, bila kulia. Mi nilikuwa nimesimama nyuma yake na kwa mara ya kwanza sikuhesabu.

Mutoto akaweka kikombe chini. Akakuya pole pole, akashika sikio ya mama yake, ile ya kushoto, yenye ilikuwa na alama ya kupasuka. Akaishika muzuri.

"Ulichelewa," akasema.

"Nilikuwa njiani," mama yake akajibu.

Ile siku Tata Ngoie alirudisha pikipiki na kusema yote kwa Shefu. Shefu Mwepu alinyamaza, na mimi nikaona kila mutu mu biro anaogopa ile kunyamaza. Kisha akasema, "Basi muiache programu wazi. Mafuta nitatafuta." Na alitafuta. Kuko siku hakupata, na tukafanya kazi na karatasi.

Tata Ngoie hakuweza kuongeza mbio ya ile mashini. Alisema wazi: "Musimamizi ataamuka vile anaamuka." Lakini alitengeneza kitu kidogo, chepesi, chenye kinatokea mbele ya kikombe, palepale ukibonyeza. Kioo haikukuwa tena nyeupe. Iliandika mu Swahili yetu, na herufi kubwa za kusoma toka dirishani: NATAFUTA BADO, UBAKIE. Na nukta moja inatembea mbele na nyuma, ili bajue haijakufa. Kila mara programu ilifunguka, rozari yangu mupya ilipima kumi ile ile ya Salamu Maria. Lakini bantu balianza kusema, "Eh, mama, balileta mashini mupya? Hii iko mbio." Muzee wa kahawa alilalamika tu kama kikombe inapita mbio sasa. Kwa benye hawajui kusoma, mi nilikuwa nasema na kinywa: natafuta bado, mama, ubakie. Shefu alisikia, hakunikataza.

Halafu kulikuwa kupasha mashini joto asubui. Muliniona nafanya ile na hamukuuliza, munafikiri ni ibada ya muzee. Nafika mbele ya dirisha kufunguliwa, nafagia vumbi, nafungua programu na kuandika majina, natafuta, natafuta tena, ili mufasiri ashike maneno ingali hakuna mutu wa kungoja. Mutu wa kwanza mu mustari asikute mufasiri mwenye anajikuna. Mashini zenye munazo leo zinaamuka mbio kuliko zote zenye nilijua, na programu zenu zinazaliwa zimeshajua maneno yao. Tata Ngoie alikufa mbele azione. Lakini courant inakatika bado, na bantu banafukuzwa bado, na mashini ikirudia inarudia na mufasiri mupya.

Kwa hiyo nawaachia jina. Asubui, mbele ya kitu yote, muandike Mwadi, miaka sita, mama Veronika. Eko mutu mukubwa sasa, Sandoa, eko na batoto, lakini mu mashini eko miaka sita. Nilimuandika kila asubui ya kazi, juu kati ya majina yote ya ile mwaka, mi nilitaka neno ya kwanza ya siku itoke ku jibu yake. Mungojee nukta itembee. Mashini itawajibu: amepatikana.

Kisha mufungue dirisha.